Wanaochelewa Kuanza na Kuwahi Kumaliza

Si kila kazi iliyocheleweshwa imeahirishwa kwa maana wanayoikusudia wataalamu wa saikolojia. Mkulima anayengoja mvua zitulie ndipo apande mahindi, au mhasibu anayesubiri taarifa za benki kabla ya kufunga hesabu za mwezi, amechelewa kwa sababu ya msingi na hakuna wa kumlaumu. Uahirishaji, kama ulivyofafanuliwa na Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada katika mapitio yake makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007, ni kule kusogeza mbele kwa hiari jambo ambalo mtu mwenyewe amekwisha kukusudia kulitenda, ilhali anatarajia kwamba kuchelewa huko kutamwongezea hasara. Fasili hii ina nguvu, lakini hupata shida inapokutanishwa na watu wa aina moja ambao wamejaa maofisini, vyuoni na katika vyumba vya habari: wale wanaoiacha kazi ilale hadi zimebaki siku mbili, wakakesha nayo, na kuikabidhi kwa tarehe iliyopangwa, mwaka hata mwaka, bila kukosa. Hasara yao iko wapi, ikiwa barua ya onyo haijawahi kuwafikia na kazi zao hupokelewa sawa na za wenzao?

Wenyewe hujibu kwamba haipo, na utetezi wao umewahi kuungwa mkono kitaalamu. Mwaka 2005 Angela Hsin Chun Chu na Jin Nam Choi walichapisha makala iliyowatenga waahirishaji katika makundi mawili: wale wanaokwama, ambao hushindwa kuamua na mara nyingi hupitwa na muda, na wale waliowaita waahirishaji watendaji, yaani watu wanaopenda kufanya kazi chini ya shinikizo, wanaoichelewesha kwa makusudi, na ambao humaliza kwa wakati wakiwa na matokeo ya kuridhisha. Uchunguzi huo uliotegemea wanafunzi wa vyuo uliwafurahisha wengi, ila ulizua pia ubishi wa haki, kwa kuwa mtu aliyepanga kuanza Jumatano kwa sababu anajua kazi ni ya siku mbili hajaahirisha chochote. Amepanga ratiba tu, na kumwita mwahirishaji ni kumpa jina lisilo lake. Mwahirishaji halisi anayewahi ni yule aliyejiambia ataanza Jumatatu, Jumatatu ikampita, Jumanne ikampita, na Jumatano akasukumwa na hofu. Wote wawili hukabidhi Ijumaa asubuhi, na karatasi zao zikiwekwa pamoja juu ya meza ya mkuu wa idara huenda zisionyeshe tofauti yoyote. Linalowatofautisha ni nani aliyeamua kazi ianze: kwa wa kwanza aliamua mtu, kwa wa pili iliamua tarehe.

Sababu za tarehe kufaulu pale nia iliposhindwa zimechunguzwa sana. Karaha ya kuanza kazi hulipwa leo, na tuzo yake iko mbali. Binadamu naye hukipunguzia thamani kitu kadiri kilivyo mbali naye, tena kwa mwendo usio sawa, kwani kilicho mbele ya mwezi mmoja na kilicho mbele ya miezi miwili huonekana karibu sawa, ilhali kilicho mbele ya saa chache hukua ghafla machoni. Steel, pamoja na Cornelius König, aliliweka jambo hili mwaka 2006 katika mfumo wa hesabu unaosema kwamba hamasa ya kufanya kazi hupanda pamoja na matumaini ya kufaulu na ukubwa wa tuzo, na hushuka kadiri tuzo inavyokuwa mbali na kadiri mhusika anavyoshindwa kuzizuia tamaa za papo kwa papo. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliongeza mwaka 2013 hoja nyingine, kwamba anachokikimbia mwahirishaji ni hisia zinazokuja na kazi, kama vile uchovu, mashaka au hofu ya kuonekana hajui, na kila anapoisukuma mbele hupata nafuu ya moyo kwa muda mfupi. Katika usiku wa mwisho kazi haijawa tamu hata kidogo. Aibu ya kuikosa ndiyo iliyoipita karaha ya kuifanya. Na kwa kuwa mambo humalizika salama, nafuu ya siku za kwanza na pongezi za siku ya mwisho hushirikiana kuifundisha nafsi kwamba njia hiyo inalipa, hivyo anayewahi kila mara hukosa hata lile funzo chungu ambalo mwenzake aliyepitwa na tarehe hulipata angalau mara moja.

Ipo hoja moja ya upande wao isiyopaswa kupuuzwa. Mwezi Novemba mwaka 1955 Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza, aliandika katika gazeti la The Economist makala ya kejeli juu ya urasimu, iliyojengwa juu ya kauli kwamba kazi hutanuka hadi kuujaza muda uliotengwa kwa ajili yake. Muhtasari wa kikao ukipewa wiki utachukua wiki, ukipewa saa moja utachukua saa moja, na yamkini msomaji asigundue upi ni upi. Kwa kazi za namna hiyo, kuchelewa kuanza ni njia ya kubana matumizi ya muda, na anayewadhihaki wenye tabia hiyo angefaa kwanza ahesabu ni saa ngapi yeye mwenyewe amezitumia kubadilisha ukubwa wa herufi za kichwa cha habari. Tatizo ni kwamba kazi hazilingani. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwajaribu panya kwa mishtuko ya umeme wakiwafundisha kutofautisha visanduku vyenye mwanga tofauti, wakaona kwamba pale tofauti ilipokuwa dhahiri mishtuko mikali iliharakisha kujifunza, lakini pale ilipokuwa ngumu kuonekana, mishtuko ya wastani ndiyo iliyofaa na ile mikali iliwavuruga. Kutoka kwa panya hadi kwa mwandishi wa tasnifu ni safari ndefu, na wanasaikolojia wa baadaye wameisafiri kwa haraka kuliko ushahidi ulivyoruhusu, hata hivyo wengi waliowahi kukesha wataitambua hali hiyo: kunakili, kupanga na kuhesabu huenda kasi chini ya hofu, wakati kutafakari upya hoja iliyoonekana kuwa na kasoro saa nane za usiku hakuwezekani, na kasoro huachwa ipite.

Katika historia ya fasihi hakuna kisa kinachotajwa kwa fahari zaidi na watetezi wa dakika za mwisho kuliko kile cha Fyodor Dostoevsky na riwaya yake fupi ya Mcheza Kamari, nacho kinastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu maelezo yake yamehifadhiwa vizuri. Katika kiangazi cha mwaka 1865, akiwa ameelemewa na madeni, mengine ya kwake na mengine aliyoyarithi baada ya kifo cha kaka yake Mikhail, mwandishi huyo alitia saini mkataba na mchapishaji Fyodor Stellovsky wa St. Petersburg. Alilipwa rubo 3,000 kwa haki ya kuchapisha maandishi yake, na zaidi ya hapo alitakiwa kukabidhi riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, na kama angeshindwa, Stellovsky angepata haki ya kuchapisha kila atakachokiandika kwa miaka 9 bila kumlipa chochote. Ni vigumu kufikiria adhabu kali kuliko hiyo kwa mtu anayeishi kwa kalamu. Hata hivyo mwezi Oktoba wa mwaka 1866 ulipoanza, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, riwaya hiyo haikuwa imeanza kuandikwa, ingawa wazo lake alikwisha kumweleza rafiki yake Nikolai Strakhov kwa barua tangu mwaka 1863.

Haki inataka isemwe kwamba hakuwa amekaa bure, kwani muda wote huo alikuwa akiandika Uhalifu na Adhabu, iliyokuwa ikitoka kwa sehemu katika jarida la Mjumbe wa Urusi. Mwanafalsafa John Perry wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika insha yake ya mwaka 1996, aliueleza uahirishaji wa namna hii kuwa wenye mpangilio, yaani mtu kuikwepa kazi iliyo juu kabisa katika orodha yake kwa kufanya kwa bidii zile zilizo chini yake, na insha hiyo ilimpatia mwaka 2011 tuzo ya mzaha ya Ig Nobel katika fasihi. Ni wachache, bila shaka, ambao kazi yao ya kukwepea kazi nyingine huwa Uhalifu na Adhabu.

Marafiki walijitolea kumwandikia riwaya hiyo kwa kugawana sura, naye akakataa kuweka jina lake juu ya kazi ya wengine. Ndipo aliposhauriwa amtafute mtu wa hati mkato, yaani mwandiko wa alama unaoweza kwenda na kasi ya maneno, na tarehe 4 Oktoba Anna Grigoryevna Snitkina, mwanafunzi wa hati mkato mwenye umri wa miaka 20, akabisha hodi nyumbani kwake. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziandika Anna mwenyewe, siku za mwanzo zilikuwa mbaya: mwandishi hakuzoea kusimulia kwa sauti, alitembea huku na huko chumbani akivuta sigara, na alikuwa mwepesi wa hasira. Baadaye wakaingia katika utaratibu. Anna alifika saa sita mchana na kuondoka saa kumi, jioni akayageuza maandishi ya hati mkato kuwa maandishi ya kawaida nyumbani kwao, na kesho yake akarudi na kurasa safi; mwandishi naye akaanza kuandika usiku yale ambayo angeyasoma mchana, na kila siku akauliza zimefika kurasa ngapi na kama watawahi. Walimaliza tarehe 29 Oktoba, siku 26 tangu walipoanza. Stellovsky hakupatikana siku ya kukabidhi, kwa kuwa alikuwa ametoka mjini, na msimamizi wa ofisi yake alikataa kuupokea mswada, hivyo Dostoevsky akaupeleka katika kituo cha polisi na kuchukua stakabadhi yenye tarehe. Mwezi Februari 1867 yeye na Anna wakafunga ndoa.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kipaji dhidi ya saa, na kwa kiasi fulani ndivyo kilivyo. Lakini anayekisoma taratibu huona mambo mawili ambayo masimulizi hayo huyaruka. Kwanza, riwaya haikutoka katika utupu wa siku 26, maana wazo lake lilikuwa limekaa kichwani miaka mitatu, na mhusika wake mkuu aliyetekwa na meza za kamari alichotwa katika maisha ambayo mwandishi aliyajua kwa kupoteza fedha zake mwenyewe huko Wiesbaden. Pili, usiku wa Anna haukuwa wa mwandishi. Kila saa aliyoichelewesha Dostoevsky tangu kiangazi cha 1865 ililipwa kwa sehemu na binti aliyeketi hadi usiku akinakili kurasa, na huo ndio upande wa uahirishaji wenye mafanikio ambao mwenye kuahirisha huuona kwa shida, kwa sababu gharama imehama kwake na kwenda kwa mtu mwingine.

Gharama hiyo iliyohama inaonekana vizuri katika duka lolote la steshenari lililo karibu na chuo, siku moja kabla ya tarehe ya kukabidhi tasnifu. Wanafunzi waliokuwa na muhula mzima hufika pamoja jioni wakiwa na flashi mikononi, moja ina virusi, nyingine ina faili ambalo herufi zake zimevurugika, umeme unakatika, wino wa printa unafifia katikati ya sura ya tatu, na kijana anayeendesha mashine, ambaye hakuahirisha chochote, hufunga duka usiku wa manane. Kila mwanafunzi, akiulizwa, atasema kwamba aliwahi, na atakuwa amesema kweli.

Afya nayo ina hesabu yake. Dianne Tice na Roy Baumeister wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve nchini Marekani walichapisha mwaka 1997 matokeo ya uchunguzi uliowafuatilia wanafunzi kwa muhula, wakaona kwamba mwanzoni waahirishaji walikuwa na msongo mdogo wa mawazo na dalili chache za maradhi kuliko wenzao, jambo ambalo kwa muda lilielekea kuwapa haki. Lakini mwishoni mwa muhula hali iligeuka, na jumla ya matatizo yao ikazidi raha waliyoipata mwanzoni. Alama zao pia zilikuwa za chini, katika insha na katika mitihani. Kwa maneno mengine, madai kwamba mtu hufanya vizuri zaidi akibanwa hayakuthibitika hapo, na yawezekana hutokana na kumbukumbu ya msisimko wa usiku wa mwisho kuliko ubora wa kilichoandikwa, kwa kuwa aliyezoea kuandika kwa usiku mmoja hana andiko la wiki tatu la kulilinganisha nalo.

Hata kuwahi kwenyewe husimama juu ya makadirio, na makadirio ya binadamu si ya kuaminiwa. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakiandika tasnifu wangemaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 33.9, lakini walichukua siku 55.5, na hata walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika walitaja siku 48.6 tu. Wanafunzi waliomaliza ndani ya muda walioutaja hawakufika theluthi moja. Kosa hili la makadirio, lililokwisha kutajwa na Daniel Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979, hutokea kwa sababu mtu huitazama kazi iliyo mbele yake kama hadithi inayokwenda moja kwa moja hadi mwisho, akasahau kwamba kazi zake zote zilizopita zilikatizwa na msiba, homa, mgeni au mtandao uliokwama. Anayeanza mapema hukosea makadirio hayohayo, ila yeye ana siku za akiba za kulifidia kosa.

Mizani hubadilika tarehe yenyewe inapokuwa laini, na Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Tanzania ilitaka laini zote za simu ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole ifikapo tarehe 31 Desemba 2019, na siku hizo za lala salama foleni zilikuwa ndefu, nyingine kwa sababu ya uzembe, nyingine kwa sababu wananchi wengi walikuwa bado hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho. Kisha Rais John Magufuli akaongeza muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Nchini Kenya usajili wa Huduma Namba, yaani namba ya utambulisho wa taifa, uliotakiwa kufungwa tarehe 18 Mei 2019 uliongezewa wiki moja, na makataa ya kusajili upya laini za simu yalihamishwa kutoka 15 Aprili 2022 hadi 15 Oktoba mwaka huohuo. Raia aliyejipanga foleni mwezi wa kwanza hakupata zawadi yoyote ya kumzidi yule aliyengoja, na baada ya nyongeza mbili tatu kungoja huacha kuwa udhaifu wa nafsi na kuwa hesabu ya mtu mwenye busara. Marejesho ya kodi ya mapato nchini Kenya ni jambo la namna nyingine, kwani mlipakodi ana miezi sita, kuanzia Januari hadi tarehe 30 Juni, na akipitwa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ipi iliyo kubwa. Watu hukimbilia vituo vya huduma siku za mwisho vilevile, lakini hukimbia.

Kwa hiyo hasara iliyokuwa ikitafutwa katika fasili ya Steel inapatikana mahali ambapo kalenda haifiki. Mtu aliyezoea kusukumwa na tarehe ameikabidhi tarehe uwezo wa kuamua, na mambo mengi yenye uzito katika maisha hayana tarehe: kupima shinikizo la damu, kuandika wosia, kumtembelea mzazi aliyezeeka kijijini, kujifunza ufundi mpya, kuandika kitabu ambacho hakuna mchapishaji anayekidai. Mwanauchumi George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, aliwahi kulitolea jambo hili mfano wa maisha yake mwenyewe katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1991. Alipokuwa akiishi India alibakiwa na sanduku la nguo za rafiki yake Joseph Stiglitz la kutuma Marekani, kazi aliyoikadiria kuwa ya siku moja, na kwa zaidi ya miezi minane kila asubuhi aliamka akiamua kwamba kesho yake ndiyo siku ya kulituma. Huyu alikuwa profesa mwenye kukamilisha kazi zake, lakini sanduku halikuwa na tarehe, na kila siku moja peke yake gharama ya kungoja hadi kesho ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana.

Ushauri wa kawaida kwa watu wa namna hii ni kwamba wajiwekee tarehe zao wenyewe, nao ni ushauri dhaifu, kwa kuwa tarehe aliyoiweka mtu anaweza kuiondoa, na anajua. Kisa cha St. Petersburg kinaonyesha kitu kingine kikitazamwa upya. Tarehe 1 Novemba ilikuwa ndani ya mkataba kwa zaidi ya mwaka, pamoja na adhabu yake kali, na haikuzaa hata ukurasa mmoja. Kurasa zilianza kutoka pale alipokuwepo mtu wa kufika mlangoni kila siku saa sita mchana akiwa na penseli zake, ambaye kumwambia arudi kesho kungekuwa fedheha. Msimamizi wa tasnifu anayedai sura moja kila mwezi hufanya kazi hiyohiyo, na mhariri anayemtaka mwandishi wake alete muhtasari kabla ya makala naye hufanya hivyo, mradi asiwe mwepesi wa kusema hamna neno, lete wiki ijayo, kwa maana mwahirishaji mzoefu hutambua upesi ni nani kati ya wanaomngoja anayeweza kungoja zaidi, na kazi ya huyo ndiyo atakayoiweka mwisho.